UZI: Viza iliisha, umeoana na raia wa Marekani. Kadi ya kijani unapata ama hupati?

1. Kila mara mjadala wa wahamiaji Marekani unapochacha, huku kwetu huzuka kambi mbili. Kambi ya kwanza: "Si aoe tu raia, mambo yaishe?" Ya pili: "Ukipitisha muda wa viza umekwisha, hata uolewe na nani." Kambi zote mbili zimepotoka, na kuna watu wetu wamepoteza ndoa, kazi na hata nafasi ya kuzika wazazi kwa kuziamini. Nasoma sayansi ya siasa na hii mada imekuwa kichwani mwangu muhula mzima. Wacha nifafanue pole pole. Uzi ni mrefu, tafuta chai.

2. Kwanza, inatuhusu nini? Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu ilitoka Marekani. Hiyo ni karo, dawa, mabati, mbolea. Baadhi ya wanaotuma waliingia kule kihalali kabisa, kama wageni ama wanafunzi, halafu siku zikaisha wakabaki. Na kila msimu wa kampeni kuna mheshimiwa atapanda ndege akawaahidi "kushughulikia mambo ya karatasi." Tukifika mwisho utajua kama anaweza.

3. Tuanze na kitu ambacho wengi huchanganya. Viza si muda wa kukaa. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni na kubisha. Muda wa kukaa unapewa na afisa wa mpakani, na unaandikwa kwenye rekodi inayoitwa I-94. Unaweza kuwa na viza ya miaka kadhaa kwenye pasipoti, lakini I-94 ikasema miezi sita. Ukikaa siku moja baada ya tarehe ya I-94, umepitisha muda, hata kama viza bado inang'aa.

4. Wanafunzi wako tofauti kidogo. I-94 ya mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida haina tarehe, ina herufi D/S, maana yake unakaa mradi bado unatimiza masharti ya masomo. Ukiacha shule umepoteza hadhi. Lakini siku za "ukaaji usio halali" kwa kawaida hazianzi kuhesabiwa mpaka idara ya uhamiaji, USCIS, ama jaji wa uhamiaji atoe uamuzi rasmi. Weka hiyo akilini, tutaihitaji kwenye nambari 11.

5. Sasa moyo wa jambo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kifungu cha 245, inaruhusu mtu aliye ndani ya nchi kuomba kadi ya kijani bila kutoka. Inaitwa kubadilisha hadhi. Maswali mawili ndiyo yanabeba karibu kila kitu: uliingiaje? Na uliyeoana naye ni nani?

6. Swali la kwanza: ulikaguliwa na afisa ukaruhusiwa kuingia? Aliyeshuka uwanja wa ndege na viza yake, akagongewa muhuri, jibu ni ndiyo, hata kama leo ni miaka kumi imepita. Aliyevuka mpaka kichakani, jibu ni hapana, na kwa kawaida hawezi kubadilisha hadhi akiwa ndani hata akiwa na ndoa safi na watoto watatu. Wakenya wengi waliopitisha muda wako kundi la kwanza. Hii ni bahati kubwa ambayo wengi hawajui wanayo.

7. Swali la pili: mwenzi wako ni raia, ama ana kadi ya kijani tu? Mume ama mke wa RAIA anahesabiwa ndugu wa karibu kabisa. Hana foleni ya miaka, na sheria inamsamehe mambo mawili: kupitisha muda, na kufanya kazi bila kibali. Si msamaha wa afisa mwenye roho nzuri. Umeandikwa kwenye sheria.

Na raia ni raia. Mkenya aliyeapa uraia wa Marekani mwaka jana ana uzito sawa na aliyezaliwa Texas.

8. Lakini ukiolewa na mwenye kadi ya kijani pekee, huo msamaha huna. Ukishapitisha muda, kwa kawaida huwezi kubadilisha hadhi ukiwa ndani. Njia ya wengi ni kusubiri mwenzi apate uraia, ambao kwa kawaida huombwa baada ya miaka mitano ya kadi. Siku anapoapa, wewe unahamia kwenye kundi la ndugu wa karibu. Ndoa ni ile ile, watu ni wale wale, kilichobadilika ni karatasi ya mmoja wao.

9. Na wale wa bahati nasibu? Kuna watu waliopitisha muda, wakacheza ile bahati nasibu ya kadi ya kijani wakiwa huko huko, wakashinda, wakaita marafiki wakala nyama. Halafu wakili anawaambia: msamaha wa nambari 7 hauwahusu washindi wa bahati nasibu. Kwa aliyepoteza hadhi, ushindi huo kwa kawaida hauwezi kutumika akiwa ndani. Akitoka kwenda kuchukua viza Nairobi, anaweza kukutana na adhabu ninayoieleza kwenye nambari 11.

10. Tuweke mfano. Dada A aliingia na viza ya utalii, akapitisha muda miaka minne, ameolewa na raia: anaweza kuomba akiwa ndani. Kaka B, miaka ile ile minne, mke wake ana kadi ya kijani tu: asubiri. Kaka C aliingia kama baharia wa meli, na viza ya wafanyakazi wa melini, akashuka akabaki, ameoa raia: kwa kawaida hawezi kubadilisha hadhi akiwa ndani, kwa sababu sheria imewafungia mabaharia mlango huo hata wakioana na raia. Watu wa Mombasa mnaofanya kazi za meli, hiyo msome mara mbili.

11. Sasa adhabu yenyewe. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoleta kinachoitwa marufuku ya miaka mitatu na kumi. Ukikusanya zaidi ya siku 180 za ukaaji usio halali lakini chini ya mwaka, kisha ukaondoka, hurudi kwa miaka mitatu. Ukikusanya mwaka mmoja ama zaidi, ukaondoka, miaka kumi. Soma tena neno "ukaondoka." Adhabu haiwashwi na kukaa. Inawashwa na kupanda ndege.

12. Hapa ndipo uchungu ulipo. Mtu wetu ameolewa na raia, anaweza kupata kadi akitulia. Halafu simu inalia saa tisa usiku: mama ameaga. Kwetu mtoto hakosi kumwaga mchanga kwenye kaburi la mamake, na ukoo mzima unakupigia: "Unakuja lini?" Akipanda ndege bila karatasi sahihi, amejifungia nje miaka kumi na kuacha mume na watoto kule. Asipopanda, kijijini ataitwa aliyepotea majuu.

Binamu wa mamangu alifuatilia mazishi ya babake kwa simu, mtu amemshikia juu ya kaburi. Wazee walinung'unika mwaka mzima. Hakuna aliyewaeleza kwamba hakuwa na kiburi. Alikuwa na sheria mbele yake, na watoto wawili.

13. Je, hakuna njia ya kusafiri? Ipo, lakini ina mpangilio. Ukishawasilisha ombi la kadi ya kijani (Fomu I-485), unaweza kuomba kibali cha kusafiri kwa Fomu I-131. Mwaka 2012 bodi ya rufaa ya uhamiaji iliamua kwamba anayetoka na kibali hicho hahesabiwi kuwa "ameondoka" kwa maana ya ile marufuku ya miaka kumi. Kukiwa na dharura kama msiba, unaweza kuomba kibali cha haraka ukiwa na ushahidi.

Masharti: kibali kiwe mkononi KABLA ya kutoka. Ukitoka bila hicho, ombi lako linahesabika umelitelekeza. Hata ukiwa nacho, afisa wa mpakani bado ana neno la mwisho. Na mwenye amri ya zamani ya kufukuzwa asithubutu kabla ya kuona wakili.

14. Aliyelazimika kutoka, ama ambaye hawezi kuombea ndani, ana njia ya msamaha. Lazima athibitishe kwamba akizuiwa, mume, mke ama mzazi wake aliye raia ama mwenye kadi ya kijani atapata dhiki kubwa kupita ile ya kawaida ya familia kutengana. Ugonjwa, ulemavu, utegemezi wa matibabu, vitu vya namna hiyo. Dhiki ya mtoto pekee haihesabiki moja kwa moja, mpaka uonyeshe inavyomuumiza mzazi wake. Tangu 2013 kuna aina ya msamaha ambayo baadhi huomba wakiwa bado ndani, kabla ya kwenda kwa mahojiano ubalozini. Ni safari ndefu na haina uhakika.

15. Kuna vitu ndoa haifuti. Kikubwa ni kudai uraia wa Marekani kwa uongo. Ile fomu ya kazi inayouliza wewe ni nani, ukaweka alama kwenye kisanduku cha "raia" ili upate kazi ya ghala. Ama umeenda kuchukua leseni ya udereva, ukaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura, ukasema ndiyo. Kufanya kazi bila kibali kunasamehewa kwa mwenzi wa raia. Kusema wewe ni raia wakati si raia, kwa anayetafuta kadi ya kijani, karibu hakuna msamaha. Kisanduku kimoja tu.

16. Vingine vya kuangalia: waliokwenda kwa viza ya J-1, baadhi yao wana sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kwanza, na ndoa haiondoi sharti hilo yenyewe. Aliyeingia kwa viza ya uchumba, K-1, anaweza kubadilisha hadhi kupitia yule yule mchumba aliyemwombea pekee. Mkikosana ukaoana na mwingine, njia hiyo imeziba. Na rekodi ya jinai inaweza kuharibu kila kitu, hata kesi unayoona ni ndogo.

17. Karatasi zenyewe. Raia anajaza I-130 kuthibitisha ndoa. Wewe unajaza I-485. Mnaweza kuzituma pamoja. Ada tangu 1 Aprili 2024: dola 675 kwa I-130 ya karatasi, dola 1,440 kwa I-485. Hiyo tayari inapita laki mbili na nusu za Kenya, kabla ya daktari, kabla ya wakili. Pia unaweza kuomba kibali cha kazi wakati unasubiri.

Halafu kuna I-864: mwenzi wako anaweka saini kwamba atakutegemeza, na aonyeshe kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao. Kikipungua mnatafuta mdhamini wa ziada. Saini hiyo haiishi kwa talaka. Anayekuombea ajue hivyo kabla ya kushika kalamu.

18. Mahojiano. Afisa anatafuta kitu kimoja: hii ndoa ni ya kweli? Mnaishi pamoja? Akaunti ya benki, mkataba wa nyumba, bima, picha na familia, nani huamka kwanza. Ndoa ya kununua ni kosa la jinai: kifungo hadi miaka mitano na faini hadi dola 250,000. Na ukishapatikana na ndoa ya uongo, hakuna ombi lingine la familia ama la kazi litakaloidhinishwa kwa jina lako, hata ukija kupenda mtu kweli miaka kumi baadaye. Yule wakala wa WhatsApp anayekuuzia "mke wa karatasi" hakuambii hiyo sehemu.

19. Hii ya kwetu haizungumzwi: ndoa ya kimila. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za kimila sawa na za kanisani na za serikali. Kama ulipeleka mahari, mkaishi kama mume na mke, halafu ukaenda majuu ukaoa raia bila kuvunja ile ya kwanza, unaweza kuwa na ndoa mbili. Marekani haitambui ya pili, na ombi linaanguka.

"Lakini hatukuwa na cheti." Cheti si ulinzi. Wakati wa kuomba viza ya kwanza uliandika nini? "Nimeoa, watoto wawili"? Sasa unaandika hujawahi kuoa? Fomu zote mbili zinawekwa mezani. Kama kulikuwa na ndoa, itaje, na umalize talaka kihalali kwanza. Na huyo mama aliyeachwa kijijini na watoto ana haki zake. Hakuandikiwa mahali kwamba yeye ndiye wa kugharamia ndoto ya mtu.

20. Ukikubaliwa kabla ndoa haijafikisha miaka miwili, kadi ni ya masharti, ya miaka miwili tu. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha mnajaza I-751 pamoja. Wengi husahau tarehe hii na wanaanza kutapatapa upya. Baada ya miaka mitatu ya kadi, kama bado mnaishi pamoja na mwenzi wako ni raia, unaweza kuomba uraia.

Na ukipigwa? Kuna watu wetu, wanawake kwa wanaume, wanaambiwa "ukileta kelele nitafuta ombi lako." Tangu 1994 kuna sheria inayomruhusu mwenzi anayenyanyaswa kujiombea mwenyewe, kwa siri, kwa Fomu I-360. Hata ile kadi ya masharti unaweza kuomba masharti yaondolewe peke yako ukithibitisha unyanyasaji, ama ukithibitisha ndoa ilikuwa ya kweli ikavunjika. Mpelekee mtu hii sehemu kama unajua inamhusu.

21. Hali ya hewa imebadilika. Kuwa na ombi linalosubiri hakukupi hadhi ya kudumu na hakukukingi kabisa na kesi ya kufukuzwa. Mwaka 2025 idara ya uhamiaji ilikaza utaratibu wake: ombi likikataliwa na huna hadhi nyingine, tarajia kuitwa mbele ya jaji. Na mwaka huo huo viliripotiwa visa vya watu kukamatwa wakiwa wameenda kwa mahojiano ya kadi ya kijani. Njia ya ndoa bado iko kwenye sheria, lakini zile siku za kujaza fomu na binamu yako mezani jikoni zimepita. Tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni kabla ya kutuma chochote, hasa kama una amri ya zamani, kesi, ama uliwahi kukosa kufika kortini.

22. Turudi kwa siasa. Upande mmoja kule husema: "Wapange foleni kama wengine." Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu kuna watu wamesubiri miaka Nairobi bila kuvunja sheria, na wanauliza kwa nini aliyebaki apate nafuu. Upande mwingine husema: huyu tayari ni mume wa raia na baba wa raia, kumfukuza ni kumwadhibu raia. Nayo ina uzito. Lakini mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Muñoz, kwamba raia hana haki ya kimsingi ya kikatiba ya kutaka mwenzi wake mgeni aruhusiwe kuingia nchini. Kwa hivyo uwanja wa vita hii ni Bunge lao.

Na kuna swali ambalo pande zote hulikwepa: ile sheria ya 1996 ilikusudiwa kuzuia watu kupitisha muda. Ukishaadhibu kuondoka, aliyepitisha anafanya nini? Anabaki. Anaogopa kutoka hata akitamani.

23. Na wanasiasa wetu? Serikali ya Kenya haiwezi kumpa mtu hadhi Marekani. Mheshimiwa anayeahidi hivyo kwenye ukumbi wa hoteli anakuuzia hewa. Inachoweza: pasipoti mpya bila kuzungushwa, vyeti vya kuzaliwa na vya talaka kwa wakati, ofisi za ubalozi zinazoshika simu, msaada kwa waliokamatwa. Ukikamatwa una haki ya kuomba ubalozi wako uarifiwe, kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1963. Muulize mgombea: nikiomba pasipoti leo nikiwa Marekani, naipata baada ya wiki ngapi? Hapo utajua kama ana mpango.

Nyongeza: Katiba ya 2010 inakuruhusu kuwa raia wa nchi mbili, kwa hivyo Mkenya wa kuzaliwa akipata uraia wa Marekani hapotezi wetu. Ila kifungu cha 78 kinamzuia mwenye uraia wa nchi mbili kuwa afisa wa serikali, isipokuwa wachache kama majaji. Kama ndoto yako ni kurudi kugombea ubunge, ijue mapema.

24. Kwa ufupi: uliingia kwa kukaguliwa + umeoana kweli na RAIA + hukudai uraia kwa uongo + hujatoka = kwa kawaida mlango upo. Ukikosa kimoja, usikate tamaa na usikurupuke, ona wakili kwanza. Na ukiwa huku nyumbani, mtu wako wa majuu akikosa mazishi, kabla hujamsema kwenye mkutano wa ukoo, muulize pole pole kama ana karatasi ya kumrudisha kwa watoto wake.

Mimi si wakili, ni mwanafunzi anayesoma sheria hizi. Maswali weka hapa chini, lakini tafadhali usiandike jina la mtu ama kesi yake hadharani. Uzi ujao: kura ya diaspora, na kwa nini wanaojiandikisha ni wachache vile.